Ng'ombe Aliyelala Chini ya Doa

Papa Nshimiyimana alipoingia kwenye kibanda cha Docteur Photo akiwa amebeba bahasha kwa mikono miwili, kama katekista anayempelekea mgonjwa komunyo, Docteur alijua hata kabla ya salamu kwamba Mungu amemkumbuka.

Docteur hakuwa daktari wa kitu chochote. Jina lake lilikuwa Héritier, mtoto wa Bukavu, aliyevuka daraja la Rusizi mwaka huo wa 2003 na kompyuta moja, skana moja, printa moja na ulimi wa kutosha watu watatu. Kule ng'ambo vita vilikuwa vimemlia wateja. Huku Kamembe, kwa hesabu zake, vilikuwa vimemletea. Kila nyumba ilikuwa na picha iliyoumia: nyingine ilifukiwa chini ya migomba ndani ya mfuko wa sukari, nyingine ilivushwa mto ndani ya sidiria, nyingine ilitafunwa na panya wa kambini. Héritier alizilaza kwenye skana, akafuta mikwaruzo, akashona mipasuko, akarudisha pua za marehemu mahali pake. Kazi hiyo aliijua, tusimdhulumu. Shida yake ni kwamba kazi ya halali ilimshibisha bila kumnenepesha.

"Karibu, mzee. Mgonjwa ni nani?"

"Ni papa yangu." Nshimiyimana alikuwa na duka la saruji, na tumbo la kulithibitisha. Akatoa picha. Mtu mwembamba alisimama mbele ya ukuta, kofia mkononi. Kando yake doa la maji, rangi ya chai, lilikuwa limekula nusu ya dunia. "Kijana wangu anaoa binti wa Nyiraneza. Ule mujane hana kitu, lakini anatembea sawa mwamikazi, sawa muke wa mufalme! Siku ya kuposa nataka baone kama na sisi tulikuwa bantu ba maana."

Héritier akainama juu ya picha, akanyamaza. Kunyamaza kwake kulikuwa ghali kuliko maneno yake.

"Mzee, papa yako alikuwa na ng'ombe?"

"Ng'ombe?" Baba yake alikuwa mpishi wa Mbelgiji mmoja, na ng'ombe aliyewahi kumshika alikuwa tayari ndani ya sufuria. "Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu naona pembe. Hapa, chini ya doa. Doa ni sawa blanketi, mzee, haliuwi mwenye kulala ndani. Mashine itamufunua tu."

Nshimiyimana akakazia doa macho mpaka machozi yakamtoka. Na pembe, jamani, ikaanza kuota.

"Vrai, kweli," akanong'ona. "Naiona. Ziko mbili!"

Ng'ombe mwenyewe alitoka kwenye kalenda ya duka moja la dawa za mifugo: jike la pembe ndefu, na alama nyeupe kipajini yenye umbo la jani, na sikio la kushoto lililochanika. Héritier alimwingiza kwenye skana, akamwondolea rangi, akamfukizia ukungu kidogo, akamsimamisha kando ya mpishi wa Mbelgiji. Nshimiyimana alipoiona picha alimbusu Docteur mashavu yote mawili, akalipa kwa furaha kiasi kilichomtosha Docteur kununua pikipiki ya mtumba na miwani ya jua.

Wiki hiyohiyo akaja mwanamke mwembamba, kitenge chake kimepauka lakini kimepigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

"Mimi ni Maman Isimbi," alisema.

Huko mama huitwa kwa jina la mtoto wake, na mgeni kama Héritier hangeweza kujua kwamba Maman Isimbi na mjane Nyiraneza walikuwa mtu mmoja, wanavaa kiatu kimoja.

"Huyu ni papa yangu," akasema, akiweka picha mezani. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti, mikono imenyooshwa mbele, na pale mikono ilipofika palikuwa na doa jeusi. "Alikuwa fundi wa nguo, Kadutu, kule Bukavu. Hapa kuna charahani yake. Nataka charahani na mikono. Hiyo mikono ndiyo ilinisomesha. Na picha yake niko nayo hii moja tu, usiiumize."

"Maman, kwangu hata karatasi inalala salama."

Karatasi haikulala salama. Ilikuwa na unyevu. Ikanata kwenye kioo cha skana, na Héritier alipoibandua ikatoka vipandevipande. Baba wa Maman Isimbi sasa alibaki ndani ya kompyuta tu. Tena charahani na vidole kumi ni kazi ya wiki nzima, na ng'ombe alikuwa tayari, amesimama, hana kazi. Héritier akampachika mbele ya mzee, mpana kama kabati.

"Furaha, maman! Mashine imegundua ng'ombe!"

Mama akaitazama picha. "Na charahani?"

"Charahani kila muntu anakuwa nayo. Lakini ng'ombe!"

"Na mikono ya papa?"

"Iko nyuma ya ng'ombe. Anakamua."

"Na picha yangu ya zamani?"

Héritier akavua miwani ya jua, ishara ya msiba. "Ilikuwa mgonjwa sana, maman. Haikuamuka."

Mama hakulia. Alilitazama sikio lililochanika, akalitazama tena.

"Mashine haidanganyi?"

"Maman, mashine haina ulimi."

"Bon, sawa." Akaifunga picha ndani ya kitenge, akalipa bila kuomba kupunguziwa. Sokoni Kamembe mteja wa namna hiyo angemtia shaka hata muuza chumvi. Héritier akaona ni baraka.

Siku ya kuposa, Nshimiyimana alimleta Docteur kama shahidi wake, amevaa suti ya kuazima, iwapo mtu angeuliza juu ya picha. Masanduku ya bia yalipangwa, wageni wakaketi pande mbili wakitazamana, na wasemaji wakaanza mchezo wao wa siku zote: huyu anaomba, yule anajifanya hasikii.

"Sisi hatukuja mikono mitupu," akatangaza msemaji wa Nshimiyimana, akinyanyua picha yenye fremu ya dhahabu. "Sisi tulizaliwa ndani ya maziwa!"

Makofi. Upande wa pili akasimama Mzee Niyonsenga, shemeji wa Nyiraneza, akanong'onezwa kitu na mama wa bibi harusi. Héritier akamtazama mama huyo, na jasho likamshuka ndani ya suti ya watu. Kitenge kilekile. Mikunjo ileile.

"Na sisi tuko na picha," akasema Niyonsenga. Wakaziweka pamoja mezani, na watu wakasongamana.

"Angalia kipaji!"

"Angalia sikio!"

"Ni ng'ombe mumoja!"

"Ni mumoja, kabisa," akasema Niyonsenga kwa upole. "Wakwe, tunawashukuru, mumejileta wenyewe. Huyu ng'ombe, mzee wetu alimupa rafiki yake. Na mwenye kupewa ng'ombe anarudisha mtamba, mutoto jike wa yule ng'ombe. Sisi mtamba hatujamuona. Binti tutamuongea kisha."

Watu wakacheka, maana siku hiyo vikwazo hutupwa kwa makusudi. Msemaji wa Nshimiyimana naye akacheka. "Tutajuaje kama si mzee wetu ndiye alimupa wenu?"

"Wenu amesimama, kofia mkononi. Wetu ameketi. Tangu lini mwenye kutoa anavua kofia?"

Kicheko kikakatika. Wazee wa pande zote mbili wakaanza kuitikia kwa vichwa, polepole, kama watu waliothibitishiwa jambo walilolijua siku nyingi.

"Kuna shahidi," akasema Nyiraneza kutoka kwenye kiti chake. "Docteur, mashine yako ilisema nini?"

Héritier akasimama. Kukana ng'ombe kulimaanisha kukana picha mbili mbele ya koo mbili zilizokwisha kunywa.

"Mashine haidanganyi," akasema kwa sauti nyembamba. "Ni ng'ombe mumoja."

Lilikuwa neno la kweli kabisa, labda la kwanza tangu avuke daraja.

Nshimiyimana alimtazama mwanawe, aliyekuwa karibu kulia, kisha akaitazama fremu yake ya dhahabu. "Mtamba atakuja," akasema, na harusi ikapona. Nyuma ya nyumba alimshika Docteur kola. "Wewe ndiye ulimuzaa huyu ng'ombe. Utamuzalia na mtoto!"

"Usisumbuke, papa mkwe," Nyiraneza akasema, akiwa amewafuata polepole. "Sichukui rehani kwa wakwe zangu, ni haya. Mashine za shahidi zitanitosha mpaka mtamba afike."

Jioni hiyo kompyuta, skana na printa zililala kwake.

Héritier alifikiria kurudi Bukavu. Lakini bila mashine alikuwa ulimi mtupu, na kule ndimi hazikuwa zimepungua. Akaiuza pikipiki, akaiuza na miwani, akapanda hadi vilima vya Butare kununua mtamba, akamvuta kwa kamba wiki nzima mpaka Kamembe, mtamba akigoma kila palipokuwa na majani mazuri, na wauza samaki wakipiga kelele: "Docteur, huyu naye umemutoa chini ya doa gani?"

Nyiraneza alimkaribisha chai jikoni. Héritier akanyanyua kikombe, akanyanyua na macho, na kikombe kikabaki hewani. Ukutani, kwenye msumari, palikuwa na kalenda ya duka la dawa za mifugo. Alama ya jani. Sikio.

"Mwaka wake ulikwisha," mama akasema, "lakini nilimupenda. Kila asubuhi nikiwasha moto tunasalimiana. Nshimiyimana hawezi kumujua. Wanaume wakubwa hawaingiaka jikoni." Akavuta kigoda. "Papa yangu iko ndani ya mashine?"

"Iko, maman. Na doa lake."

"Basi kaa. Ng'ombe umutoe, yule wa nje ananitosha. Charahani ndiyo ile kwenye kona, yenyewe. Iangalie vizuri."

"Na mikono?"

Nyiraneza akaenda kuketi kwenye charahani, akanyoosha mikono yake juu ya kitambaa. Vidole virefu, kidole gumba kimepinda kidogo kwa nje. "Wote wanasema nilichukua yake."

Héritier alifanya kazi siku hiyo na kesho yake, bila ng'ombe na bila maneno. Printa ilipoitoa picha, mama aliishika kwa ncha za vidole, akaguna mara moja kifuani, akageukia moshi wa jiko akisema unamwasha macho.

Kisha akaishusha kalenda, akamtundika baba yake kwenye msumari uleule.

"Mashine zako chukua. Na malipo yako haya." Akaviringa kalenda, akampa. "Ng'ombe kwa ng'ombe. Hatudaiani."

Héritier akashuka mlima kuelekea sokoni, mashine zake kichwani, ng'ombe kwapani.