Mama wa Simiti wa Bustani ya Kamurugu

Mwalimu Runji Munyi (mstaafu),
S.L.P. 46,
Kamurugu, Embu.
16 Februari 1988

Kwa Karani wa Baraza la Mji,
Kamurugu.

Mheshimiwa Karani,

MINT: SURA NA MATUNZO YA CHEMCHEMI YA BUSTANI

Ninakuandikia nikiwa mzima, nikitumaini kwamba nawe ni mzima pamoja na wote wa ofisini, hasa yule mama mpiga chapa ambaye najua ataisoma barua hii kabla yako. Mimi ni mkaaji wa Mtaa wa Chini, ule ulio nyuma ya kanisa. Nimefundisha Jiografia miaka thelathini na moja, kwa hiyo habari za maji kutoka juu kwenda chini si ngeni kwangu.

Kwanza pokea hongera. Tangu Desemba mji wetu una chemchemi, na miji mikubwa kuliko huu haina. Ndugu yangu anayeishi Nkubu alipokuja Krismasi nilimpeleka kuiona hata kabla hajanywa chai, naye akavua kofia. Mwanamke wa simiti, mrefu kuliko mlango wa posta, amesimama katikati ya beseni la duara akiwa na chungu kichwani, na maji yanaruka kutoka kwenye chungu na kushuka pande zote. Miguuni pake mmeandika MAMA MLETA MAJI. Mimi si mtu wa kupinga maendeleo. Lakini mtu akipewa kitu kizuri ana wajibu wa kukiangalia vizuri, kwa hiyo nimekaa kwenye benchi la upande wa posta siku kumi na moja mfululizo, kutoka chai ya asubuhi mpaka saa sita, nikimchunguza mama huyo. Niliyoyaona ni haya.

1. Anabeba kichwani. Mheshimiwa, wewe ni mtu wa kwetu. Mama yako alileta maji namna gani? Hapa mwanamke hubeba maji mgongoni, na mukwa, ule ukanda wa ngozi, hupita juu ya kichwa karibu na paji la uso. Wanawake wa umri wa mke wangu, Wanjira, wana alama ya mukwa kichwani, kibonde kidogo ambacho unaweza kukipapasa kwa kidole. Mama wenu hana kibonde. Shingo yake imenyooka kama ya askari wa gwaride. Nimeambiwa kwamba fundi alitoka mbali na alifanya kazi akiangalia picha ya kalenda, basi yeye simlaumu. Ninailaumu kamati iliyokuja kumkagua, wanaume saba, wote wamezaliwa na wanawake wa mukwa, wakamzunguka mara mbili, wakakubali, wakanywa soda. Nilipomuuliza mmoja wao alinijibu, "Mwalimu, hiyo ni sanaa. Sanaa haibebangi na mukwa."

2. Anamwaga. Mwanamke akitoka mtoni kazi yake ni kufikisha maji nyumbani. Huyu anamwaga tangu saa mbili asubuhi mpaka jioni, hata Jumapili watu wakiwa kanisani. Enzi za mama yangu, mke mgeni wa namna hiyo angerudishwa kwao kabla ya wiki kuisha, na wazee wangekaa upya kuzungumza habari ya mbuzi wa mahari. Nisingelitaja jambo hili ila maji anayoyamwaga nayafahamu. Ni yetu. Bomba lililokuwa likishuka mpaka kwenye mfereji wa lango la kanisa, mahali ambapo Mtaa wa Chini wote ulikuwa ukiteka, ndilo mlilolikata mkampelekea yeye. Tangu siku hiyo mfereji wetu unakohoa mara mbili asubuhi, halafu unanyamaza mpaka kesho.

Kwa sababu hiyo Wanjira anakwenda mto Ena. Mteremko ule unaujua. Anakwenda mara mbili kwa siku na mtungi wa lita ishirini, naye ana miaka sitini na moja.

3. Goti. Mwishoni mwa Januari goti la kushoto la mama wa simiti lilipata ufa mwembamba kama uzi. Mimi ndiye niliyeuona kwanza, siku ya Jumanne, nikaja kuripoti ofisini kwenu. Jumatano kabla ya chakula cha mchana fundi alikuwa juu ya ngazi. Alhamisi goti lilikuwa limepakwa rangi na mtu asingejua kama liliwahi kuuma. Nilifurahi sana, sisemi uongo. Sasa, wiki hiyohiyo Wanjira aliteleza kwenye jiwe la kuvukia pale Ena, na goti lake, nalo ni la kushoto, likavimba kama kiazi kikuu. Mganga wa zahanati alimkataza kubeba mzigo wowote. Wanjira akamuuliza, "Sasa daktari, na hiyo ng'ombe inangoja maji nitaiambia nini?" Hakuna ngazi iliyoletwa kwetu. Nilirudi ofisini kwenu kuuliza kama ile simiti ilibaki kidogo, wakacheka wakidhani ninafanya mzaha. Sikuwa ninafanya mzaha. Nina hasira, Mheshimiwa, na ninaiandika kwa adabu kwa sababu ndivyo nilivyowafundisha watoto wa mji huu, na baadhi yao leo ni madiwani wako.

4. Ulinzi. Bustani ina askari, kijana Riungu, mwenye filimbi, na koti la mvua ambalo halivui hata wakati huu wa kiangazi. Alhamisi iliyopita Wanjira alipita hapo akielekea mtoni, akachechemea mpaka kwenye beseni, akatumbukiza mtungi wake. Riungu alipuliza filimbi mpaka watu wa posta wakatoka nje. "Mama, toa mtungi! Hii ni maji ya kuangalia, sio ya kuchota!" Mimi nilikuwa hapo hapo kwenye benchi, niliona kila kitu na nikakiandika katika daftari pamoja na saa. Wanjira aliurudisha polepole ule nusu mtungi aliokwisha kuteka, akaniangalia kwa muda mrefu, nadhani ili kuhakikisha kwamba ana shahidi, kisha akaendelea na safari ya Ena.

5. Uso wake ni wa kijani. Rangi iliyobaki baada ya kupaka lango la soko isitumike tena kupaka mtu.

Mwalimu hamalizi kwa kuandika makosa tu pembeni mwa daftari, huonyesha na jibu. Nilitaka kuomba bomba lirudishwe, lakini wazee wa kanisa waliomba hilo mwezi uliopita na nimeisoma barua mliyowajibu. Mlisema kwamba maji yaliyotengwa kwa ajili ya mapambo hayawezi kurudishwa kwenye matumizi ya kawaida. Nimeisoma mara nne na nimeielewa. Kumbe shida ya Mtaa wa Chini si ukosefu wa maji. Shida yetu ni kwamba hatuna chemchemi. Penye chemchemi bomba linakwenda lenyewe, na fundi anakwenda, na rangi inakwenda.

Kwa hiyo ninaomba kwa heshima kwamba mke wangu, Wanjira, aandikishwe na Baraza kuwa chemchemi ya pili ya mji wa Kamurugu.

Sifa zake ni hizi. Anabeba maji ipasavyo, mgongoni, na alama ya mukwa anayo tayari, hivyo hamtahitaji fundi wa kutoka mbali wala kalenda. Amekuwa akileta maji nyumbani kwangu miaka thelathini na nne bila kusimamiwa na kamati. Uso wake hauhitaji rangi. Bomba mtalileta mpaka nyuma ya jikoni kwetu, karibu na zizi, na hapo ndipo atakaposimama. Maji yakiingia katika mtungi wake hatayamwaga chini, atayamwaga ndani ya pipa, na hilo peke yake ni hatua mbele ya ile chemchemi ya kwanza. Goti lake litaingia katika matunzo ya kawaida ya Baraza, likaguliwe kila Jumanne. Riungu ahamishiwe kwenye kivuko cha Ena na filimbi yake, na kila akimwona Wanjira anakaribia na mtungi apulize mpaka arudi nyumbani. Maharusi wanaotaka kupiga picha wataruhusiwa Jumamosi kuanzia saa nane, mradi wasikanyage maboga. Kama sheria zenu zinasema sanamu isizungumze, hapo kuna ugumu kidogo, na ninaomba tupewe muda.

Mkiona mpango huu unafaa, Mtaa wa Chini una wanawake wengine arobaini na wawili wenye sifa hizohizo. Hebu fikiria mji wenye chemchemi arobaini na nne! Wageni watatupita vipi? Yule wa simiti naye sisemi abomolewe. Ninaomba avalishwe mukwa, apelekwe Ena kwa wiki moja tu, kiangazi hiki, kisha arudishwe kwenye beseni lake. Nina hakika atakaporudi hatamwaga hata tone, na kile kibao cha MAMA MLETA MAJI kitakuwa halali yake.

Nisalimie madiwani wote na wake zao, mama mpiga chapa, mhasibu, na yule fundi wa ngazi mwenye mkono mwepesi. Msalimie pia Riungu, hana kosa, anafanya kazi aliyopewa. Ninangoja bomba lenu nikiwa hapa hapa nyumbani, au kwenye benchi.

Mimi raia wenu asiyechoka kuandika,
Runji Munyi

Baada ya kuandika: Nilikuwa nimekwisha kuilamba bahasha Wanjira alipoingia. Niliifungua nikamsomea barua yote, nikitarajia shukrani. Aliisikiliza amesimama, mtungi bado uko mgongoni. Nilipomaliza akaniuliza ni nani aliyeniambia kwamba yeye anataka kusimama karibu na zizi akipigwa picha. Kisha akasema, "Baba Ireri, umekaa benchi siku kumi na moja ukiangalia mwanamke wa simiti akibeba maji. Mimi nimepita mbele yako hizo siku zote, nikienda na nikirudi. Na hiyo siku ya filimbi uliandika saa. Mukwa inaingia kichwa yoyote, hata ya mwalimu." Akautua mtungi, akavua mukwa, akauweka juu ya barua hii. Doa la maji mnaloliona kwenye ukurasa wa pili ni hilo. Sasa ameketi kwenye kiti changu, goti amelipandisha juu ya stuli, na anasema ng'ombe hajanywa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ombi la kumwandikisha naliondoa. Namba 4 isomwe kana kwamba mashahidi walikuwa wawili, yule wa simiti na mimi, na walaumiwe wote wawili kwa kutazama tu. Namba 1 pia naiondoa. Nimejaribu mukwa hapa uani kwa mtungi mtupu, na nimeelewa kwa nini yule fundi, akiwa mwanamume, aliona heri kichwani. Bomba tu ndilo ninaloliomba, tena leo kuliko kesho.

Na kama watu wa ofisi yako watakutana alasiri hii na mzee kwenye mteremko wa Ena, ukanda kichwani, naomba wapite bila kunisalimia. Wengi wao niliwafundisha.