Daktari Sesilia Alivyoliangusha Swali la Maneno Mawili

Njooni, enyi wa Mazinde kule chini barabarani, nanyi wa mashamba ya chai ya Kwamkoro! Wekeni majembe chini, tegeni masikio, niwasimulie vita vikuu vya Mtae, ambamo damu haikumwagika wala kuku hakukimbia.

Shujaa wetu ni Daktari Sesilia binti Zabron, bingwa wa kuunda programu, mtafiti wa namna watoto wanavyojifunza kwa kompyuta, aliyeipanda barabara ya Mtae bila kutapika. Programu yake ya hesabu ilikuwa imeanguka kifo cha mende: darasa la nne, lililong'ara ubaoni, lilipata sifuri kwenye kompyuta. Naye Mwalimu Mkuu Kristian, mlinzi wa stoo, akasimama mlangoni akanena:

"Daktari, kwa heshima zote, shule hii imevumilia vya kutosha. Kengele ya mwisho ikilia, mashine hizi zinakwenda stoo, zikakae na madawati mabovu!"

Moyo ukamlipuka Sesilia. Utafiti wa miaka yote ile, ukalale na madawati! Ndipo akavuta kiti kando ya Shamsa wa darasa hilo la nne, jemadari wa kuzidisha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Ingia vitani. Tisa mara saba?"

Shamsa akaandika sitini na tatu, akabonyeza. Kioo kikauliza: UNA UHAKIKA? Binti akanywea, akafuta, akaandika sitini na nne.

"Ewe mwanangu, mbona umelitupa jibu la ushindi ukakumbatia la msiba?"

"Mwalimu, ukiulizwa una uhakika, si ndiyo umeshakosa?"

Loo! Sesilia akapigwa na butwaa. Swali hilo aliliweka mwenyewe, kwa nia njema, kama wafanyavyo wenzake wote wa fani. Akasahau kwamba tangu yeye mwenyewe akivaa sare ya shule, darasani haulizwi hivyo aliyepatia. Aliona aibu, kisha akacheka mpaka machozi.

Akakunja mikono ya sweta, akaifungua programu kwa ndani, pale swali lilipoandikwa. Kidole chake kikashukia kitufe cha kufuta, kikashuka tena na tena, na herufi za adui zikaanguka mojamoja, alama ya kuuliza ikitangulia kufa.

"Rudieni, majemadari wangu!"

Wakarudia. Kioo kikaandika UMEPATA, UMEPATA, mpaka Mwalimu Kristian akasogea, akavaa miwani, akatangaza, "Mashine hizi asiziguse mtu!" Kisha akaamuru makofi ya kilo.

Basi na iandikwe katika tarihi ya Usambara, chini ya majeshi na tawala zote zilizowahi kuipanda milima hii: siku hiyo maneno mawili yalianguka Mtae, na mtoto akaaminiwa kwa jibu lake la kwanza.