Panga Kumi Saa Nne

Jumanne, 4 Machi

Nimekwisha! Nimefika kazini nikakuta kikaratasi juu ya ubao wangu wa pasi. Mwandiko wa Meneja. Nifike ofisini kwake Ijumaa saa nne, nije na funguo zangu. Funguo! Mtu haambiwi aje na funguo ili apewe maua. Miaka kumi na moja nanyoosha mashati ya watu katika duka hili la dobi, leo nafukuzwa kwa kikaratasi.

Mwenzangu wa ubao wa pili, tunayemwita Kola kwa jinsi anavyojisifia kola zake, akauliza mbona natetemeka. Nikasema homa. Akachekea puani. Anajua kitu. Au hajui kitu, ndivyo anavyocheka tu.

Lakini sikai kusubiri kuchinjwa. Ninazo kadi za taroti. Zilikuwa kwenye mfuko wa koti ambalo mwenyewe hajalirudia mwaka wa pili huu. Kadi sabini na nane, za picha, za kutabiria. Zilifuliwa pamoja na koti zikapona. Kijitabu cha maelezo kilitoka donge. Basi namna ya kuzipanga nitaitunga mwenyewe. Ugumu uko wapi?

Jumatano, 5 Machi

Majaribio. Huwezi kuuliza kadi habari ya kazi yako kabla hujazipima kwa vitu vidogo.

Mpangilio wa kwanza nimeuita Pasi. Kadi tatu: mpini, ncha, moto. Swali: nibebe mwavuli? Kwenye ncha likatoka Jua, kubwa, linacheka. Nikaacha mwavuli. Nimefika kazini nimelowa chapachapa. Nimechunguza kosa: nilikaa upande wa mpini, kumbe ncha ilikuwa inamwangalia jirani. Jua lilikuwa lake. Na kweli, jirani hakutoka nje siku nzima, hakulowa.

Mpangilio wa pili, Henga, kama ile ya kutundikia nguo, kadi nne. Swali: mke wangu atagundua kwamba nimevunja mfuniko wa sufuria? Akatoka mwanamke ameketi kimya. Na kweli mke wangu aliketi kimya. Kisha akauliza mfuniko uko wapi. Nimejipa nusu ya alama.

Nikamweleza yote, mpaka kikaratasi. Akasema badala ya kuuliza makaratasi, nimuulize Meneja mwenyewe ananiitia nini. Nimuulize Meneja! Huyu mwanamke ana roho ya chuma. Mimi hata mbele ya mlango wake napita mbio.

Alhamisi, 6 Machi

Leo mpangilio mkuu: Kamba ya Nguo. Kadi saba kwa mstari, Meneja mwanzo, mimi mwisho. Nimezipanga wakati wa mapumziko, nyuma ya mashine ya kukaushia.

Ole wangu! Kwenye nafasi yangu ikatoka Panga Kumi. Mtu amelala kifudifudi, panga kumi zimemsimama mgongoni. Kumi! Moja isingetosha? Jasho likanitoka, na si la mashine.

Kisha akili ikanijia. Kamba ya nguo huvutwa! Nguo ya mwisho ikivutwa inazunguka inafika mwanzo. Nikavuta. Panga Kumi zikamwangukia Meneja, mimi nikapata kadi ya gari la ushindi. Hakuna kanuni inayokataza, maana kanuni nilitunga mimi.

Nikaandika haraka nisisahau, nyuma ya tiketi ya nguo iliyokuwa karibu: "Ijumaa saa nne. Meneja: panga kumi, mgongoni. Mimi: ushindi." Nikarudi kazini nikipiga mluzi. Jioni nimeitafuta tiketi ile, siioni. Haidhuru, matokeo nayakumbuka.

Ijumaa, 7 Machi

Lazima niandike yote.

Nimeingia saa nne kamili. Meneja, dada wa mapokezi, na mlinzi mwenye rungu. Meneja amesogeza kiti mpaka mgongo umebana ukuta. Mkononi ana tiketi. Tiketi ya shati lake mwenyewe! Ilibanwa na pini kwenye shati, likapelekwa kwake nyumbani, akaisoma akiwa anavaa.

Akauliza kama mwandiko ni wangu. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Nikasema ndiyo.

Dada wa mapokezi, Mungu ambariki, akasema huenda nilimaanisha kupanga tu. Panga kumi, yaani nipange mashati kumi ya Meneja, rafu ya mgongoni, ile ya nyuma. Akanikonyeza. Meneja akaanza kupumua.

Nami nikaona kazi yangu ya kutabiri inaharibiwa. Nikasema hapana dada, ni panga zenyewe, zenye makali, na ni kumi, nimezihesabu. Meneja akaomba maji.

Mlinzi akasema Kola amemwambia kwamba huwa nashinda na wanga kule nyuma, akauliza kama ni kweli. Nikasema ndiyo, kila siku, bila wanga shati halisimami. Nilidhani anauliza wanga wa kukazia kola. Kumbe aliuliza wachawi! Nimeelewa nilipoona dada wa mapokezi amejishika kichwa.

Nikatoa kadi, nikaeleza Kamba ya Nguo tangu mwanzo. Nilipomaliza wote walikuwa wamesimama. Mwishowe Meneja akasema aliniita apokee funguo zangu za zamani anipe fungu jipya la funguo za chumba kizima cha pasi. Nilikuwa niwe msimamizi! Fungu lilikuwa pale mezani. Akaitwa Kola, akapewa.

Mimi nimehamishiwa soksi. Na Jumatatu asubuhi Meneja awe na barua yangu ya kuomba radhi, la sivyo nisirudi kabisa.

Jumamosi, 8 Machi

Soksi. Siku nzima natafuta pacha wa soksi. Kola amepita mara sita akilizaliza funguo.

Naogopa hata kushika kalamu. Nikikosea neno moja tu, kazi imekwenda. Mke wangu amesema mistari miwili inatosha: nilikosea, nisamehe. Kisha amesema kadi zitupwe. Zitupwe vipi? Zilisema kutatokea balaa Ijumaa saa nne, na balaa likatokea dakika ile ile! Mimi ndiye niliyevuta kamba.

Jumapili, 9 Machi

Mpangilio mpya, Barua. Kadi nne za pembe na moja ya katikati, ya muhuri. Swali: nimwandikie nini Meneja anirudishe?

Kwenye muhuri kikatoka Kifo. Mifupa mitupu juu ya farasi mweupe. Nilipiga kelele, mke wangu akaja mbio. Kisha nikatulia. Kila mtu wa kadi anajua kwamba Kifo si kufa, ni mabadiliko mema! Mzigo mzima ukanitoka kifuani.

Nimeandika mistari miwili, kama mke wangu alivyotaka. Lakini maneno ndiyo yaliyoniponza juzi. Safari hii ajionee kwa macho. Nimeiweka kadi yenyewe ndani ya bahasha pamoja na barua, na chini ya picha nimeandika: "Hiki ndicho kinachokujia." Mchana nimeipenyeza chini ya mlango wa nyumba yake. Nikasikia hatua zake, nikakimbia ili iwe ghafla kwake, afurahi.

Wiki nzima leo ndiyo mara ya kwanza sitetemeki. Kesho nawahi kazini.