Kadi ya Kabatini

Jumatatu, 9 Juni
Shemeji yangu kinyozi kaokota kofia ya chuma ufukweni. Ya askari, ya enzi za vita. Mawimbi makubwa ya juzi yalichimbua mchanga, yeye akajikwaa. Kujikwaa tu! Sasa kofia imo makumbusho, kwenye kabati la vioo, na kadi imeandikwa "Iligunduliwa na", kisha jina lake lote hadi la babu. Mke wangu kaniambia mara tatu kwamba kaka yake tangu utotoni ana jicho la kuona vitu. Mimi nimechomelea nusu ya mageti ya mji huu, na jina langu halijaandikwa popote isipokuwa kwenye bili ya maji. Naona wivu. Basi, nimeandika.

Jumanne, 10 Juni
Nimefunga karakana nikashinda ufukweni na sepetu. Nimepata kandambili moja na kijiko. Nikampelekea mtunza makumbusho kijiko. Kauliza kilipigana upande gani. Na shemeji alikuwa pale pale, anawaeleza wanafunzi jinsi alivyohisi kitu chini ya mchanga. Alihisi! Kidole cha mguu bado kimevimba.

Jumatano, 11 Juni
Bahari ikininyima, nitaipa mimi. Nimekata bomba nene, nikalitia ncha, nikalichomelea kitako. Kombora la mzinga, kamili! Nimelilaza kwenye chumvi na siki lishike kutu. Kazi ilininogea, mkono ukawa unajiendea wenyewe. Mke kauliza ni nini. Nikasema dohani ya jiko. Kasema kaka yake naye anahitaji dohani. Hata kwenye uongo wangu yumo!

Ijumaa, 13 Juni
Nimelifukia alfajiri, nikaligundua saa nne, mbele ya mashahidi. Nilipiga yowe la haja. Polisi wakafukuza watu, mtaalamu wa mabomu akalala kifudifudi saa nzima, mwisho akasema halina baruti. Shemeji kanipa mkono, uso umemshuka. Raha iliyoje! Mama mkwe kaniita mwanangu, mara ya kwanza tangu harusi.

Jumamosi, 14 Juni
Aibu. Tulikwenda makumbusho ukoo mzima kukabidhi kombora, tumevaa. Mtunza akasugua kutu kitakoni, akavaa miwani, akasema ajabu, kuna tarakimu kumi. Akazibonyeza kwenye simu yake. Ikalia mfukoni mwangu.
Kila geti ninalotengeneza nalipiga namba yangu ya simu chini kabisa, mteja ajue pa kurudi. Miaka kumi na minane sasa. Mkono hauulizi, unagonga tu. Mama mkwe kacheka hadi akashikiliwa. Shemeji kauliza kama natengeneza na vifaru.

Jumanne, 17 Juni
Kombora limewekwa! Kabati jipya, karibu na mlango: "Jinsi ya kutambua vitu bandia." Chini yake kadi, na jina langu lote. Nilikwenda na futi. Kadi ya shemeji ina sentimita nane. Yangu, kumi na mbili! Wanafunzi wanacheka, ndiyo, lakini wanachekea kwangu. Kofia haina mtu. Shemeji kapita karakana bila salamu. Wivu mbaya sana.
Mke anasema ile kadi inanitukana. Nimemwambia kaka yake angetoa nini atukanwe kwa herufi kubwa vile. Kesho naanza bawa la ndege.