Mradi wa Umoja wa Chumba Namba Saba

Mheshimiwa Mwanachuo wa Ualimu, Esteri, mwana wanje, yaani mwanangu wa kumzaa. Mheshimiwa baba yako Evaristi, Mwenyekiti wa Kudumu wa Kiti cha Barazani. Mstahiki bibi yako Maximilla, Mlezi wa Ugoro na Mashauri. Ndugu Reverien, baba yako mdogo, Katibu wa Kuazima Baiskeli. Mapacha wa dada yako, wawakilishi wa kundi la wakojoa kitandani. Jirani yetu Mzee Hilali, Mchinjaji Mkuu wa Kitongoji. Wadau wote wa hapa nyumbani Kibondo, pamoja na mbuzi aliyekula daftari hadi naandika nyuma ya kalenda: wote wazima, wanakusalimu sana, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Bibi anauliza kama salamu yake imeandikwa. Imeandikwa.)

Ndugu wananchi wa Chumba Namba Saba! Nahutubia kama yule bwana mkubwa aliyekuja kutuhubiria umoja, uliyekuwa ukimwiga jikoni mpaka uji unaungua, maana nikikuandikia kama mama nitalia, na karatasi ya kalenda haivumilii maji.

Nasimama mbele yenu kufuatia msiba mzito wa taifa, kivuko kile kilichozama, bendera zikawa nusu mlingoti siku tatu, nanyi mabinti wa bweni, Waislamu kwa Wakristo, mkaazimia kula pamoja kumkumbuka mjomba wake Asmahani, mwenzako wa chumba, aliyezama humo. Azimio ambalo serikali ya jiko langu iliunga mkono kwa asilimia mia moja na nane, kwa kutuma majogoo wawili wa kukaanga, ndani ya ndoo, kwa basi la Kasulu. (Vigelegele.) Na sera ya nyumba hii mnaijua tangu enzi za bibi: sisi Wakristo, lakini jogoo wa wageni anachinjwa na Mzee Hilali, ili kila mtu ale bila kuuliza. Ndiyo maana Asmahani alipokuuliza kabla ya kunawa, "Kachinja nani?", ukamjibu bila wasiwasi, "Mzee Hilali, nani mwingine?" Akala. Kesho yake akampigia mzee kwa simu yako kumshukuru, mzee akasema, "Majogoo gani, mwanangu? Siku hiyo nilishinda msikitini, tunawaombea marehemu." (Minong'ono. Mzee Hilali anaangalia viatu vyake.)

Asmahani akahamisha godoro. Akakuita mwongo mbele ya bweni zima: "Umenilisha kibudu kwenye msiba wa mjomba wangu!"

Katika kukabiliana na changamoto hiyo, ofisi yangu iliunda mchakato shirikishi wa maridhiano, wenye mpango mkakati, fidibaki na implimentesheni, na kama nilivyokutaarifu kwa simu mara tatu, nimeshampigia Asmahani, nimeshamweleza, ameshacheka, mradi umefikia asilimia tisini na saba, zilizobaki zinasubiri vocha, na naweza kusema kwa unyenyekevu kwamba hakuna mama mwingine wilaya hii angefanya haya. (Makofi. Baba yako hapigi. Ananitazama tu.)

Umoja! (Hoyee!) Uvumilivu! (Hoyee!) Mama juu! (Mbuzi anakohoa.)

Kwa kumalizia, namshukuru Mzee Hilali kwa kutonisema, nakushukuru wewe kwa kubeba lawama isiyo yako, na naushukuru mradi wenyewe, ambao haupo. Sijampigia, Esteri. Hata mara moja. Nikibonyeza namba yake nakata kabla haijaita, naogopa sauti ya mtoto aliyefiwa. Ni mimi niliyechinja. Mafuta yalishachemka, basi linapiga honi, Mzee Hilali hayupo, nikashika kisu mwenyewe, nikasema kuku ni kuku, watoto wana njaa, nani atauliza. Akauliza yeye, mwenye msiba.

Kwa hiyo Alhamisi napanda basi kuja Kasulu na majogoo wawili wazima, miguu imefungwa, manyoya yao yote mwilini. Mwambie Asmahani: hakukulisha Esteri, nilikulisha mimi, na nakuja kukuomba radhi mlangoni pako, kwa mdomo wangu huu. Mchinjaji atamchagua yeye. Mimi nitashika miguu tu.

Nijibu upesi, mwanangu, kama atanifungulia. Leo ni Jumatatu tu, na majogoo wameshaanza kugombana kwenye kikapu.