Futikamba Isiyo na Mwanzo

Dalali mmoja alikuwa na imani kwamba mnunuzi hujulikana kwa kile anachokitazama akiingia ndani ya nyumba. Anayetazama sakafu atakusumbua. Anayegongagonga ukuta ana fundi ndani ya ukoo, achana naye mapema. Lakini anayeinua macho darini na kuvuta pumzi, huyo mtafutie kiti. Mama aliyepanda ngazi asubuhi ile, mkoba kwapani na viatu mkononi asije akachafua vigae vya watu, aliinua macho darini hata kabla ya kuvuka kizingiti.

"Pana hewa," alisema.

Dalali akavuta kiti.

Mjini walimwita Bwana Nafasi. Kila mlango aliofungua alitandaza mikono na kutamka neno hilo moja, "nafasi," kwa sauti ya mtu anayefungua mkutano wa hadhara, hata kama mlango wenyewe ni wa choo. Wasichokijua wateja ni kwamba mwenye neno hilo alikuwa akilala na mkewe kwenye sebule ya mama mkwe, juu ya godoro lililokunjwa kila alfajiri kabla mama huyo hajatoka kunywa chai. Mwanamume mzima, masharubu yake yamekaa vizuri, anasubiri mama mkwe aingie bafuni ndipo avae suruali. Tusicheke. Lilimuuma kweli, na kuondoka pale ndilo jambo pekee alilolitaka duniani.

Fleti aliyokuwa akiionyesha ilikuwa yake mwenyewe. Aliinunua kwa bei ya kutupa ili wahamie, lakini mkewe alifika mara moja, akachungulia dirishani, akasema hataki kuishi juu ya vichwa vya watu. Alitaka nyumba ya chini, yenye ua wa kuanikia nguo. Basi fleti ikawa ya kuuzwa, na tangazo likasema ina mita za mraba tisini na nne.

Fleti yenyewe ilikuwa na sabini na sita. Hizo nyingine zilitoka kwenye futikamba ya dalali. Ilikuwa ya chuma, inayojikunja yenyewe ndani ya kikebe chake, nzuri tu kuitazama, ila Bwana Nafasi alikuwa ameikata nusu mita ya mwanzo na kukipachika tena kile kindoano cha mbele kwa ustadi mkubwa. Kwa hiyo kila kipimo kilianza na nusu mita ya bure. Kazi ya kushika mwanzo ilikuwa yake siku zote, na kidole gumba chake hakikubanduka pale. Mteja alipewa heshima ya kusoma upande wa pili.

Mama akasoma. Alisoma kwa furaha, kama mtu anayesomewa matokeo ya mwanawe. Kila chumba alisema maashallah, kila chumba alimwita dalali mwanangu. Walipomaliza aliketi, akavaa viatu vyake, akatoa shida yake. Pesa taslimu hakuwa nazo. Alichokuwa nacho ni nyumba, mtaa wa nyuma tu, ya chini, yenye ua. Alikuwa akiipangisha chumba kimoja kimoja mpaka wapangaji walipomchosha na ugomvi wao wa zamu za kufagia, sasa wote wameondoka. Kwa nini wasibadilishane? Wapime nyumba zote mbili, na mwenye ndogo amlipe mwenye kubwa zile mita zilizozidi, kwa bei ileile ya tangazo.

Bwana Nafasi alisema atafikiri. Alifikiri mpaka chini ya ngazi, kisha akaenda kuiona.

Ilikuwa nyumba ndefu, fupi kwa kimo, bati limeshika kutu, na ndani korido nyembamba yenye vichumba pande zote mbili. Tumpe haki yake: jicho la dalali huyu lilikuwa zuri kuliko futikamba yake. Alipita mara moja tu akajua kwamba hapo hapazidi sabini na sita, sawa kabisa na fleti. Lakini fleti sasa ilikuwa tisini na nne, na vichumba vile, alihesabu, hata kwa futikamba yake vingeongezeka kidogo tu. Mama atatoa nyumba, atatoa na pesa juu yake, na yeye atapata ua, kamba ya nguo, na mlango wa kuufunga kati yake na mama mkwe. Alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Kwa wakili alikuja na masharti yake. Kipimo kitakuwa futikamba yake peke yake, maana za watu wengine alishaona zinavyodanganya. Kila penye mlango na sakafu pahesabiwe, kwa sababu fleti ilikuwa na stoo moja na hakutaka ipotee. Hakuna kupima mara ya pili. Atakayerudi nyuma atamlipa mwenzake fidia, na fidia aliyoitaja ilikuwa ya kumtoa mtu roho. Mama alikubali yote bila kuuliza. Wakili alipotaka shahidi kila upande, mke wa dalali akamtuma mama yake mzazi, ambaye alifika na kitenge kipya na kutia sahihi kwa madaha makubwa.

Siku ya kupima wakaanza na fleti. Tisini na nne, kama tangazo lilivyosema. Wakili akaandika, mama mkwe akamtazama mkwewe kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye manufaa.

Wakavuka mtaa wa nyuma. Chumba cha kwanza kilikuwa mita mbili na nusu kila upande. Mama alisoma tatu. Dalali akatabasamu, hata akatandaza mikono kwa mazoea. Cha pili tatu. Cha tatu tatu. Walipofika cha tano tabasamu lilikuwa limebaki kwenye masharubu tu. Mambo ya namna hii hayafundishwi kwa madalali: nusu mita ya bure kwenye sebule kubwa ni chumvi kidogo kwenye sufuria la harusi, lakini ukiitia kwenye kila kichumba, upande huu na upande ule, vichumba tisa, kinachopikwa ni chumvi. Na korido ilikuwa bado. Korido ya upana wa mita moja, ambamo watu wawili hawapishani bila kuombana radhi, ikawa na mita moja na nusu.

Kisha mama akafungua kabati la mifagio.

"Mama, hapa ni pa mifagio," dalali alisema. "Hapahesabiwi."

"Pana mlango, mwanangu. Na sakafu ile pale."

Wakili akapekua mkataba, akatikisa kichwa kukubali. Ikabidi Bwana Nafasi ajikunje aingie, magoti kifuani, ashike mwanzo wa futikamba. Humo ndani akajaribu kuanzia mbali kidogo na ukuta. Lakini mama mkwe alikuwa ameinama mlangoni na miwani yake.

"Mkwe wangu, gusa ukuta," alisema. "Usimpunje mama wa watu."

Akagusa ukuta. Kabati la mita moja ya mraba likatoka na mita mbili na robo, na yalikuwepo makabati manne ya aina hiyo. Wakili alipojumlisha, nyumba ya mama ilikuwa na mita za mraba mia na kumi na sita. Dalali alifungua kinywa. Palikuwa na sentensi moja tu ya kumwokoa, nayo ilianza na maneno "futikamba yangu ni ya uongo." Alimtazama wakili, akamtazama mama mkwe na kitenge chake, akakifunga kinywa. Roho ilimtoka pale, huku akitabasamu.

Ili kulipa mita ishirini na mbili ambazo hazikuwepo duniani, aliuza pikipiki aliyokuwa akiwapakia wateja, na akiba yote ikafuata pikipiki. Siku ya kukabidhiana funguo alimvuta mama pembeni na kumuuliza, kwa heshima zote, alijua tangu lini.

"Tangu sebuleni kwako," mama alisema. "Mimi na marehemu mume wangu tuliuza vitambaa. Mita yetu ya mbao ilipungua vidole vinne mwanzoni, na marehemu alipafunika kwa gumba hivyohivyo. Siku ile nilikitazama kidole chako, mwanangu, machozi yakanilenga."

"Na vyumba vidogo?"

"Anayenunua gora zima hapotezi kitu. Waliotusomeshea watoto ni wanunuzi wa vipande."

Akampigapiga begani, akapanda ngazi zake, viatu mkononi.

Mke wa Bwana Nafasi hakuelewa kwa nini mumewe hafurahi. Ua upo, kamba ya nguo ipo, vyumba tisa. Alivizungukia akiimba. Na kweli, kwa muda wa chai moja hivi, hata yeye dalali alianza kupoa: amefilisika, lakini atavaa suruali yake kwa saa anayotaka.

Ndipo mama mkwe akaingia na masanduku mawili. Alikuwa ameshapata mpangaji wa nyumba yake, alieleza, kwa sababu vyumba tisa kwa watu wawili ni kufuru. Alichagua kile kilichopakana na chumba chao, akasimama katikati na kukitilia shaka kidogo, akauliza kama kitamtosha yeye na kitanda chake.

"Si umpimie mama," mkewe alisema.

Dalali akaitoa futikamba mfukoni, akagusa ukuta, akashika mwanzo. Mama mkwe akavaa miwani na kusoma upande wa pili. Tatu kwa tatu. Akaridhika kabisa, akatandaza mikono yote miwili.

"Nafasi," alisema.