Diski ya Harusi Zote

Awadhi alikuwa anakunywa kahawa Mnazi Mmoja aliposikia bibi harusi mmoja akilalamika kwenye simu. Kompyuta ya Nirali, mwenye studio ya video Mtaa wa Mkunguni, ilikuwa imekufa, na video za harusi za watu zilikuwa zinarudishwa kipande kwa kipande. Awadhi hakuimaliza kahawa yake. Mtu mwenye huruma kama yeye angekaaje tu?

Alimkuta Nirali peke yake studio.

"Mambo, dada?"

"Poa. Picha za pasipoti?"

"Hapana. Nimesikia una matatizo na nakala zako."

Nirali akashusha pumzi. Kila mwanzo wa mwezi alihifadhi nakala nzima ya kazi zake zote kwenye diski ya nje, akaeleza. Siku zilizofuata alihifadhi kazi mpya tu, kila siku kipande chake. Sasa, kwenye kompyuta mpya, alilazimika kuanza na ile nzima, kisha kuongeza vipande kwa mpangilio.

"Pilau umeiweka sahani moja, kachumbari nyingine, pilipili iko kwa jirani," Awadhi akasema. "Mimi navichanganya vyote ndani ya nakala nzima. Unabaki na moja tu, ina kila kitu mpaka leo. Na sikutozi hata shilingi, dada yangu. Utaniombea tu."

Hakusema kwamba vipande vikishafutwa, harusi zote za Kariakoo zinaenea kwenye mfuko wa koti.

Programu ya nakala ilipotaka neno la siri, Awadhi aligeuza uso kiungwana, Nirali akaliandika. Tusimnyime haki yake: kazi aliijua, na aliifanya vizuri mpaka alasiri huku akila bajia za mwenye studio. Kisha akavifuta vipande. Nirali alipotoka kumhudumia mteja, Awadhi akachomoa diski yenye harusi na kuweka nyingine mpya ya rangi ileile, aliyoinunua njiani.

Asubuhi akapiga simu kwa sauti nzito.

"Harusi zako ninazo. Tuongee bei."

"Kaka Awadhi, shida ni mafua?" Nirali akauliza. "Umeifungua hiyo diski?"

Awadhi akaichomeka kwenye kompyuta yake. Ikadai neno la siri.

"Mimi siwezi kuifungua, lakini na wewe huna kitu," akasema.

"Ninazo. Ulipomaliza kuunganisha, programu ilituma nakala nyingine kwa mtandao, kwenye kompyuta ya dada yangu Upanga. Ndivyo nilivyoipanga. Vile vipande vilinishinda wiki nzima, kaka, wewe umevimaliza kwa bajia. Na diski uliyoniachia ni nzuri. Yangu ilikuwa inakaribia kufa."

"Nirudishie diski yangu, basi."

"Njoo uichukue. Saa nne, ukiweza. Kuna afande wa kituo cha polisi anakuja kufuata video ya harusi yake, na nimemwambia kuna fundi lazima amshukuru."

Awadhi akakata simu, akatoa laini, akaitupa mtaroni. Mchana huo alionekana Mbagala, akimweleza muuza majokofu mmoja jinsi alivyo na huruma.